Sifa za Bidoni la Njano

Nyumba yoyote ya wageni ina bosi wake. Bweremana, kwenye mwambao wa Masisi, mashariki mwa Kongo, ambako barabara ya kutoka Sake huambaa na Ziwa Kivu kabla ya kuingia Minova, bosi huyo ana rangi ya njano na tumbo la lita 20, na hushinda kwenye kona ya bafu bila kusema neno. Ni bidoni, yaani dumu la plastiki. Umeme unaweza usifike na bomba likabaki kuwa ahadi, lakini bidoni halikosekani, na kwa heshima hiyo ndilo linalopaswa kutangulia katika mwongozo wowote wa mgeni. Taa ya sola, chandarua na mandhari ya ziwa vitasubiri zamu yao.

Sifa yake kubwa ni kwamba halimbembelezi mtu. Mgeni anafika jioni na vumbi lake la safari, anageuza shingo kutafuta bomba, na mtoto wa nyumbani anamwambia kwa upole, "Mugeni, mayi ya kuoga iko tayari." Iko tayari kweli: nusu bidoni, karai, sufuria moja ya maji yaliyochemka kwenye mbabula (jiko la makaa), na kikombe cha plastiki. Hapo masomo yanaanza. Mwenye pupa huliinamisha bidoni mdomo ukiwa chini, likakoroma: maji yanatoka kwa kishindo, yanakatika, yanatoka tena na kwenda kila mahali isipokuwa kwenye karai. Wenyeji hulilaza hivi kwamba mdomo unabaki upande wa juu. Hewa inaingia huku maji yakitoka, na mkondo unashuka mwembamba, bila kelele. Hakuna bango la maelekezo ukutani. Bidoni hufundisha kwa kulowesha soksi.

Hufundisha na hesabu. Shirika la Afya Duniani huchukua lita 20 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha msingi cha kunywa, kupika na kujisafisha. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada hufuata wakati wa dharura, huanzia lita 15. Bafu la mvua la dakika nane, kwa bomba linalotoa lita 9 kwa dakika, humaliza lita 72: zaidi ya mabidoni matatu na nusu. Mtu aliyezoea kuimba bafuni mjini anagundua hapa kwamba wimbo una bei. Lita 20 ni kilo 20, na kilo hizo hupandishwa kutoka ziwani mgongoni mwa mama au binti, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso. Kilima hakipungui kwa sababu mgeni ana nywele ndefu.

Wanaolidharau hawajui ukoo wake. Babu yake alibuniwa Ujerumani mwaka 1937 kwa ajili ya jeshi: mkebe wa chuma wa lita 20 wenye vishikio vitatu, ili watu wawili waweze kubeba mmoja uliojaa, au mtu mmoja abebe mitupu miwili kwa mkono mmoja. Ndani ulikuwa na njia ya hewa, umiminike bila kukoroma. Waingereza, waliokuwa wakipoteza petroli nyingi jangwani Afrika Kaskazini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa madebe yao membamba yaliyovuja, walifurahia kila mkebe walioteka kwa adui, kisha wakauiga bila aibu. Mjukuu wa plastiki, aliyekuja amejaa mafuta ya kupikia, amepoteza vishikio viwili na njia ya hewa ya babu yake. Kwa hiyo anapokoroma bafuni Bweremana, asilaumiwe; alinyimwa urithi.

Mdomo wake mwembamba nao hulaumiwa bure. Ni kweli mkono haupiti, na ukoga ukishajenga ndani hautoki mpaka mtu atie kokoto na mchanga, amimine maji kidogo na kulitikisa bidoni mpaka mabega yaombe radhi. Lakini mkono usiopita ndio ulinzi wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kutoka kambi ya wakimbizi nchini Malawi ulionyesha kuwa familia zilizopewa ndoo zenye mfuniko na mdomo wa kumiminia, ambazo mtu hawezi kuchovya mkono, zilipata watoto wachache wanaoharisha kuliko zile za ndoo za kawaida. Uchoyo wa bidoni ni dawa.

Na dawa nyingine huingizwa kwa mdomo huohuo. Kipindupindu kinapovuma kwenye miji na vijiji vya Kivu, watu wa kujitolea husimama ufukweni na sindano isiyo na ncha, wakivuta mchanganyiko wa klorini na kuumimina kwenye kila bidoni linalotoka ziwani. Kipimo kimoja kwa bidoni, kisha nusu saa ya kusubiri. Kazi hiyo ni rahisi kwa kuwa mabidoni mengi ni ya lita 20. Lau kila mtu angekuja na chungu chake, kipimo kingekuwa bahati nasibu. Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika Goma, kwenye mwamba wa volkano usiochimbika vyoo, na maji safi hayakuwatosha. Watu wapatao 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Utani wa bidoni unaishia hapo.

Unaishia pia barabarani. Februari 2024 mapigano yalipokata barabara hiyo ya Sake kwenye kijiji cha Shasha, familia zilizokimbilia Bweremana na Minova zilibeba magodoro, masufuria na mabidoni. Mwishoni mwa Januari 2025, umeme ulipokatika Goma na pampu kusimama, mji mzima wenye mabomba ulishuka ziwani na bidoni mkononi.

Siku za amani lina kazi nyingine ambazo mgeni atazikuta bila kuelezwa. Hupanga foleni kisimani kwa niaba ya mwenyewe aliyekwenda shambani, na ole wake anayelisogeza. Husafiri kwa chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, limefungwa kwa mipira pamoja na wenzake. Hubeba mawese leo na kasiksi, pombe ya ndizi, kesho, na likirudishwa kwenye maji bila kuoshwa vizuri, chai ya asubuhi huwa na harufu ya sherehe. Likiwa tupu, watoto hulikumbatia na kuogelea nalo.

Udhaifu wake ni mmoja tu: kifuniko. Hupotea mapema kuliko vyote, na badala yake huwekwa gunzi la muhindi, ndizi mbichi au kiazi kilichochongwa. Mgeni anayewaza zawadi ya kumwachia mama mwenye nyumba anaweza kupitia sokoni Goma kabla ya safari na kununua vifuniko vichache. Avipime kwanza kwenye mdomo wa bidoni, maana hesi za vifuniko hazifanani zote, na kile kisichoingia kitamrudisha mama kwenye kiazi.