Hereni na Saa ya Mzee

Binti akivaa kihereni cha ukubwa wa punje ya mtama, mzee wa kanisa atakiona hata kama kakaa benchi la mwisho. Macho ya imani hayo! Saa yake mwenyewe ya dhahabu, inayomeremeta kila ainuapo mkono kuomba, haionekani. Ile si pambo bwana, ile inatunza muda wa ibada.

Andiko wanalosoma wazee kukataza mapambo ni 1 Petro 3:3. Wangelisoma hadi nukta: baada ya nywele na dhahabu, mtume anataja na mavazi. Tukilishika neno kwa neno, Jumapili ijayo kanisa litajaa hata watazamaji.

Halafu yupo Rebeka. Katika Mwanzo 24, mtumishi wa Ibrahimu, tena akiwa amesali kwanza, alimtia pete puani na bangili mbili za dhahabu mikononi. Huyo leo angezuiwa mlangoni, akapewa khanga ya kujifunika na ushauri nasaha.

Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba Kristo amewaweka huru. Barua ilifika, tunashukuru. Inaelekea akina baba waliipokea kwanza, na bado wanaisoma, huku wakirekebisha tai za hariri.