Hesabu za Shemeji

Siku hizi ukinung'unika kidogo tu hapa Arusha unaambiwa tumia akili, weka hisia pembeni. Kwangu mimi msemaji mkuu wa maneno hayo ni shemeji, mtu wa daftari. Hata kandambili hanunui kabla hajapiga hesabu ya unene wa soli. Mimi, kwa maelezo yake, naamua kwa hasira, eti kwa sababu nimesusa kifodi kimoja cha Kwa Mrombo. Kha! Konda ameniita mzigo mbele za watu, nipige hesabu gani hapo?

Sasa shemeji anatafuta kiwanja. Dalali, kijana wa mjini mwenye koti la mtumba lililoshonewa theluji, akatuita Muriet saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nikauliza, kwani kiwanja kinaondoka na basi la Dar? "Asubuhi ndiyo vizuri, mzee wangu." Mwenyeji anajua kwa nini. Alfajiri ikiwa njema Mlima Meru unasimama mtupu, mita 4,566 zote. Adhuhuri ikikaribia unajitanda mawingu, na mwezi wa saba unaweza kushinda siku nzima hujauona. Dalali anauza mlima, na mlima wenyewe si wake.

Tukafika, jua linaugonga kileleni. Shemeji akanyamaza. Nilipoona macho yamemlegea nikajua biashara imekwisha. Hakuuliza mvua za masika hupita wapi. Hakuuliza maji! Watu wa kuzunguka mlima huu, ambao wengi wetu tuna meno ya rangi ya chai kwa floraidi iliyozidi kwenye maji, tunanunua kiwanja bila kuuliza maji. Alipokwisha kupenda ndipo akafungua daftari: mji unasogea, uwanja wa AFCON unajengwa Olmoti, bei zitapanda. Akili imeitwa kama katibu wa kikao kilichokwisha, iandike muhtasari.

Wala sisemi hisia zing'olewe. Antonio Damasio, daktari wa ubongo, Mreno aliyefanya kazi zake Marekani, katika kitabu chake cha 1994 alisimulia habari za mgonjwa aliyeumia sehemu ya mbele ya ubongo. Akili zake timamu, hisia zimepoa. Akaambiwa achague moja kati ya siku mbili za kurudi kliniki. Karibu nusu saa nzima alipima: hali ya hewa, shughuli nyingine, miadi mingine iliyo karibu na siku hizo. Daktari alipochoka akamtajia siku ya pili, naye akasema sawa, akaenda zake. Mtu huyo mpeleke sokoni Kilombero siku ya kufungua belo, atazeekea pale ameshika shati.

Mke wangu, dada yake shemeji, alikuwa hajasema neno. Hakuutazama mlima. Alimtazama dalali alivyompita bibi wa jirani, aliyekuwa akichambua maharage, bila hata shikamoo, na bibi naye alivyogeuza uso. "Mimi hapa moyo umekataa," akasema. Shemeji akacheka, mambo ya wanawake hayo. Lakini Damasio na wenzake waliwahi kuwachezesha watu karata, mafungu mengine yakiwa ya kufilisi. Viganja vya wachezaji vilianza kutoa jasho kila walipoyaelekea mafungu mabaya, kabla wenyewe hawajaweza kueleza ubaya wake uko wapi. Bibi wa jirani ndiye ajuaye mpaka ulikuwa wapi kabla bikoni hazijahamishwa. Dalali asiyetaka kusalimiana naye ana sababu.

Nikashauri turudi saa nane mchana, mlima ukiwa umejifunika, tumwamkie bibi, tumuulize mpaka unapita wapi na maji wanachota wapi. Shemeji akanitazama kwa huruma, daftari kwapani.

"Shemeji," akasema, "hisia zitakuponza. Hesabu zimeshakubali."