Ruta Haina Kosa

Mhasibu wa shirika moja la Gitega alifika tawi la Muyinga siku za kufunga hesabu za mwezi, akakuta waifai imemkataa. Jina la mtandao linaonekana, mawimbi yamejaa. Akiligusa, simu inaandika "Inaunganisha", inafikiri kidogo, kisha inaandika "Imehifadhiwa". Imehifadhiwa wapi, na kwa ajili ya nani, haisemi.

Lawama ikaiangukia ruta. Ikazimwa, ikawashwa, ikazimwa tena, hata mlinzi akawa anaifanya kazi hiyo bila kuagizwa. Baada ya ruta ikasingiziwa mvua, na baada ya mvua umeme, ambao Burundi hauna wakili. Mwishowe akaitwa fundi wa mtaani. Akapanda paani, akaipangusa antena, akashuka na risiti.

Wakati huo wote mlinzi, kwa simu yake ya bei nafuu, alikuwa anatazama mpira kupitia waifai ya wageni, ruta ile ile. Hakuulizwa, naye hakusema.

Fundi wa makao makuu alipopigiwa hakuuliza habari za ruta kabisa.

"Bwana Mhasibu, simu yako inafungwa kwa namba ya siri?"

"Ilikuwa inafungwa. Nimeiondoa, watoto wananisumbua kila saa niwafungulie wacheze."

Kumbe! Waifai ya wafanyakazi haikuwa na neno la siri la kubandikwa ukutani. Kila simu ilibeba cheti chake cha kidijitali. Kwenye matoleo ya zamani ya Android, kama la simu yake, cheti cha namna hiyo hukaa tu katika simu yenye kufuli la skrini. Ukiondoa kufuli, na cheti kinafutwa. Simu huonya kwanza, lakini nani asome onyo huku mtoto anamvuta mkono? Tena programu ya ofisi ya kusimamia simu ikikuta simu iko wazi, huihesabu kuwa haiaminiki, hata kama mwenyewe amekabidhiwa sefu ya ofisi.

Wengine huponzwa na jambo jingine. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya 2020, simu hujitambulisha kwa waifai kwa anwani ya kubuni, ili mwenye nayo asifuatiliwe. Ofisi inayoruhusu anwani zilizoorodheshwa tu humfungia nje mfanyakazi wake mwenyewe. Walinzi wawili wanagombana, anayelala nje ni mwenye nyumba.

Gitega ni mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, na simu hii ilitii amri za huko kuliko za aliyeishika. Dawa ilikuwa kurudisha namba ya siri na kupakua cheti kipya. Cheti hupakuliwa kwa intaneti, na intaneti ndiyo aliyoikosa; ile ya wageni hakuna aliyemtajia. Akanunua mega kwa hela yake. Akaweka 123456, simu ikakataa. 000000, ikakataa. Iliyokubaliwa aliiandika kwenye kiganja.

Ikabaki risiti ya kupangusa antena. Anayeidhinisha malipo ya aina hiyo ni mhasibu mwenyewe, bingwa wa kuwarudishia wenzake risiti zisizo na maelezo. Kwenye nafasi ya sababu ya matumizi akaandika: "Hali ya hewa."