Ngeli za Hereni za Mbao

Wanasarufi wametugawia nomino ngeli zake, lakini hereni ya plaiwudi iliyokatwa kwa leza hawajaitendea haki. Ukiwauliza, watasema I-ZI na kufunga daftari. Utafiti wangu, uliofanyika juu ya meza ya kulia chakula, ambapo mara mbili nimechovya brashi kwenye chai, unapinga jibu hilo. Hereni huainishwa kwa masizi yake.

Masizi, tukumbushane, ni ya YA-YA, hayana umoja. Leza haikati ubao kama msumeno. Huuchoma ukawa mvuke, na kingo hubaki nyeusi. Mashine humaliza yake kwa dakika chache. Fundi ndipo anaanza yake, ya siku mbili.

Ngeli ya kwanza ni Wasafi. Hawa hubandika tepu ya karatasi kabla ya kukata ili moshi utue juu yake, kisha huibandua kwa kucha, hata kwenye kitobo kidogo kuliko punje ya mchele. Kingo huzipiga msasa namba 220, halafu 400. (Zamani msasa ulikuwa jani la mti wa jina hilohilo, wala halikuwa na namba.) Sijawahi kuona hereni ya Msafi sikioni mwa mtu. Bado anasugua.

Ngeli ya pili, Wafichaji, hupaka rangi nyeupe juu ya masizi hayohayo. Yanachanganyika nayo, inatoka kijivu, nao wanaibatiza jina la bahari fulani. Isitoshe, ukingo una vinyweleo vilivyokatwa wazi, hivyo hunywa rangi kama mwanafunzi wa bweni anavyokunywa uji. Dawa inajulikana: futa masizi, paka sila, piga msasa, ndipo rangi, tena nyembamba mara mbili. Mfichaji hupaka nzito mara moja. Madoa ya hereni yenye umbo la twiga yanafukiwa na tunauziwa ng'ombe mwenye shingo ndefu.

Ndani yao limo tawi la Wapishi. Hupaka ubao chai ya rangi iliyokolea, kisha siki iliyolowekwa stilwaya ya kusugulia sufuria. Tanini ya chai inakutana na chuma, ubao unakuwa mweusi. Niliwauliza kwa nini basi wasiache masizi tu. Sikukaribishwa tena.

Ngeli ya tatu, ambayo mwandishi ni mwanachama wake mwaminifu, huacha kingo zilivyo na kusema ni mtindo. Kanuni yetu pekee ni kuziba kwa vanishi, nayo tunaikumbuka baada ya kuuza.

Shemeji yangu alivaa zangu harusini. Alirudi na mstari mweusi shingoni, akauelekezea kidole: "Na haya?"

Hakusema "huu", wala "hii". Kwa upatanisho huo wa kisarufi nikajua amekwisha kuyatambua.