Sifa za Kibali Kisichopendwa

Washairi wetu wameusifu mnazi, bahari na macho ya wapenzi wao, lakini kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi hakijapata hata ubeti mmoja. Ni dhuluma. Hapa Tanzania ni karatasi chache zilizotukanwa kama hii na kuyapokea matusi kwa utulivu kama wake. Mwombaji anaanza na barua ya serikali ya mtaa, anapita kwa afisa mipango miji, analipia tangazo, anangoja kikao cha kamati, na akiwa katikati ya safari anaambiwa faili halionekani. Wengi huuita huo urasimu na kukunja uso. Mimi nauita adabu. Tukiwa na Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya mwaka 2007, tumebaki na chombo adimu kinachomlazimisha mtu mwenye fedha na haraka asimame, ajibu swali ambalo fedha hazilijibu: wanaolala upande wa pili wa ukuta wanasemaje?

Tazama nyaraka nyingine za biashara. Namba ya mlipakodi haitaki kujua kama jirani yako ana kichanga. Leseni humtazama mfanyabiashara na mfuko wake. Kibali ndicho kinachotoka nje na kutangazwa: Kiwanja namba fulani, Kitalu fulani, kutoka makazi kwenda makazi na biashara, mwenye pingamizi alete kwa maandishi. Ni maneno makavu, lakini kwa siku chache humpandisha cheo bibi wa nyumba ya pili, ambaye serikali haikuwa na la kumuuliza ila wakati wa sensa. Swali hilo lisipoulizwa, mambo huenda kama Sinza, eneo lililopimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ili watu wa kipato cha chini wapate pa kujenga na kuishi, na ambalo leo linajulikana zaidi kwa baa na gesti. Ukuta wa uani unatobolewa, zinatokea fremu tatu: saluni, duka la vocha, grosari. Baada ya muda grosari inatoa viti vya plastiki hadi barabarani, kisha inafunga spika zinazotazama dirisha la jirani. Kibali kinatafutwa mwishoni, kama kinatafutwa.

Watasema kinamnyanyasa mnyonge. Lakini kibali kina staha zake, hakipendi kwenda uswahilini. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imejengwa bila mchoro wa mipango miji, na pasipo na matumizi yaliyopangwa hakuna cha kubadilisha. Mama ntilie wa huko ana mgambo wa kumkimbiza, hahitaji karatasi ya kumsumbua. Anayelia kwa sababu ya kibali mara nyingi ana hati mkononi, mkopo wa benki na ramani ya ghorofa. Watasema pia kinachelewesha uwekezaji. Ni kweli, na hapo ndipo penye sifa yake, maana kituo cha mafuta kikishafukia matangi ardhini hakihami kwa kuwa jirani kakohoa. Heri miezi ya kungoja kuliko kuamka na kukuta ukuta umeandikwa BOMOA kwa rangi nyekundu. Na wanaolalamika kwamba kinazaa rushwa wanakisifu bila kujua, kwani hakuna anayehonga ili apate karatasi isiyo na thamani. Dawa ya rushwa hiyo ni kumwekea afisa siku ya mwisho ya kujibu. Kulifuta swali lenyewe ni kumzawadia aliyekuwa tayari kulihonga.

Pingamizi zito ni la historia. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891 ziliigawa Dar es Salaam kwa aina za majengo, Waingereza wakauendeleza mgawanyo huo, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi pawe mpaka kati ya Uhindini na Kariakoo. Babu wa kibali, basi, alikuwa mbaguzi, na hilo halifichiki. Ila mjukuu ana tabia nyingine. Babu aliuliza wewe ni nani. Mjukuu anauliza utafanya nini hapo, na kelele zako zitaishia wapi. Babu hakumwomba Mwafrika maoni yake. Mjukuu anayaomba kwa tangazo la Kiswahili.

Kwa hiyo kibali hakina haja ya wakili, kinahitaji muda tu. Mwenye kiwanja anayekilaani leo kwa kumkwamishia ukumbi wake wa harusi atakitafuta kwa udi na uvumba siku jirani yake atakapoanza kuchomelea mageti saa tano usiku. Atakwenda ofisi ileile, atauliza kwa hasira ni nani aliyeruhusu jambo hilo bila majirani kushirikishwa, naye ataambiwa kwa upole aandike pingamizi lake, atoe nakala tatu, kisha arudi Jumatatu.