Amri Zilizoakhirishwa

Katika michezo ya kompyuta hakuna uniburudishao kama ule usiokuwa na picha hata moja, ambao mchezaji husoma maneno na kujibu kwa maneno, akiwa pamoja na wenziwe walio mbali. Asili yake ni ule alioubuni Roy Trubshaw mwaka 1978, na Richard Bartle akauendeleza, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza. Katika baadhi ya michezo iliyozaliwa baadaye, mchezaji huruhusiwa kujenga nyumba yake na kuvifunza vyombo vyake adabu kwa kuviandikia amri, na amri ya kuakhirisha jambo ni @wait, ifuatwayo na idadi ya sekunde, kisha tendo lenyewe.

Sahibu yangu mmoja alijenga humo mkahawa, akamweka mtumishi wa kukaribisha baada ya sekunde 5, kuleta kahawa baada ya 5, na kuaga baada ya 5, kwa kudhani kila amri itaingoja mwenziwe. Kumbe zote huanza kuhesabiwa kwa pamoja, hata mgeni akakaribishwa, akanyweshwa na akaagwa kwa pumzi moja. Mgeni aliyetoka mapema hakuokoa kitu, kwani amri ikisha kuingia katika foleni haiulizi aliyekusudiwa yuko wapi, na mtumishi aliukaribisha ukumbi mtupu kwa taadhima ile ile.

Hayo yalistahimilika. Balaa lilizuka alipomtundika kasuku wa kukariri kila alisikialo baada ya sekunde 3, ilhali mtumishi naye ameamriwa kuitikia kila salamu. Niliingia nikasema, "Hujambo?" Mtumishi akajibu, "Sijambo, hujambo nawe?" Kasuku akakariri, mtumishi akaitikia, kasuku akakariri tena, na kila mgeni mwenye adabu aliyeingia aliwasha mlolongo wake mwingine, mpaka kuagiza kahawa kukawa muhali, na mwenye mkahawa usingizini. Hata kwetu pwani, ambako maamkizi hayaharakishwi, watu hufika mahali wakaulizana haja.

Basi, ewe mjenzi, kabla ya kuakhirisha amri iwekee sharti la kutazama kama mgeni yungalipo. Na kabla ya kumfunza kasuku kusema, jifunze kwanza @halt, amri ya kuwanyamazisha wote.