Jinsi ya Kuyahadaa Masikio Ndegeni na Heshima Yako Ibaki

Umependeza, umepata kiti cha dirishani, na hutaki mtu akuone umekunja uso kwa sababu ya sikio. Una haki. Njoo nikupe ujanja.

Kwanza, jua adui anakuja lini. Kupaa si tatizo sana; shida ni kushuka. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani huachwa iwe nyepesi kama ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400 hivi. Ikianza kushuka, hewa inazidi uzito na kukisukuma kiwambo cha sikio kuelekea ndani. Dawa iko kwenye kimrija kinachotoka sikioni hadi nyuma ya pua: kikifunguka, hewa inasawazika. Na kwa kuwa hewa ya ndegeni tayari ni kama ya mlimani, anayetua Nairobi, mita 1,600 na ushei juu ya usawa wa bahari, hupata nafuu kuliko anayeteremka hadi Mombasa au Dar es Salaam. Ukienda pwani, jipange.

Pili, usilale. Aliyelala hamezi mate vya kutosha. Mwombe mhudumu akuamshe nusu saa kabla ya kutua.

Tatu, tafuna bazoka au mumunya pipi, mdomo ukiwa umefungwa. Jirani atadhani unawaza jambo zito. Miayo nayo inafaa sana. Jifunike kwa jarida upige mingi utakavyo.

Nne, silaha kubwa. Bana pua, funga mdomo, kisha pumua nje taratibu kana kwamba unataka hewa itokee masikioni, mpaka usikie “pu!” Mbinu hii ina jina la Antonio Maria Valsalva, tabibu wa Italia aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1704. Taratibu, nasema: hupulizi jiko la mkaa. Anza mapema, kabla hayajauma, na urudie kila baada ya dakika chache. Unaona haya? Shika leso, watu watajua unapenga kamasi kistaarabu. Au bana pua umeze mate tu, nayo hufungua.

Ila mafua yakikubana kweli, usilazimishe. Muulize daktari kabla ya safari, na ukiweza, ahirisha.

Na mwenye mtoto mchanga, usijali macho ya watu. Ndege ikianza kushuka, mnyonyeshe au mpe chupa, kwa maana kumeza ndiko kunakomfungua masikio. Akilia, mbembeleze. Jirani akinuna, mpe bazoka.